Binti aachiwe raketi au arudishwe kwenye madaftari?

Mwanga Sokoni: Wakubwa, shikamooni. Mpwa wangu anasoma Dar, likizo karudi huku Kigoma na raketi ya skwoshi, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo ukutani, kutwa anapiga ukuta wa nyumba. Anataka iwe kazi yake. Dada yangu hataki hata kusikia. Mimi namuunga mkono binti. Nicol David wa Malaysia kawa bingwa wa dunia mara nane, namba moja miaka saba mfululizo. Mnasemaje?

Gungu Juu: Miaka tisa, si saba. 2006 hadi 2015. Na huyo Nicol hakubaki kwao Penang, alihamia Amsterdam kufundishwa na Liz Irving. Nauli ya mpwa wako analipa nani? Mchezo wenyewe hata UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, haumo. Asome, asije akaishia kuanika dagaa kule mwaloni Kibirizi.

Kibirizi Mwaloni: "Kuishia"? Mama yangu anaanika dagaa hapa tangu sijazaliwa. Dagaa hao wametusomesha wote, mmoja wetu ni muuguzi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe miezi mitatu mwaka 2024, ninyi wa Gungu ndio mlilia kwanza kwamba mboga hakuna.

Gungu Juu: Sijamtaja mama yako, ndugu yangu. Nimemsema binti anayechezea shule.

Kibirizi Mwaloni: Umetaja Kibirizi, umemtaja mama yangu.

Katubuka: Dagaa wenyewe siku hizi mchanga mtupu, mnaanika chini.

Kibirizi Mwaloni: Njoo uone chanja kwa macho yako. Wanaochanganya mchanga ni walanguzi, msitubebeshe sisi.

Ujiji Kwetu: Jamani, kuna binti anasubiri jibu. Raneem El Welily wa Misri alimpokea Nicol unamba moja 2015, akastaafu 2020 akiwa bado namba moja, ana miaka 31. Umri huo mwalimu ndiyo kwanza anazoea kazi. Baada ya hapo anakula nini? Hilo ndilo linalomnyima dada yako usingizi.

Mwanga Sokoni: Kaka, kwani mchezaji mpira anacheza hadi uzeeni? Na skwoshi wanawake wanathaminiwa. US Open walisawazisha zawadi yao na ya wanaume tangu 2013. Sasa mchezo unaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028. Nicol aliipigania Olimpiki miaka yote hiyo, ikakataliwa, akastaafu 2019 bila kuionja. Hawa wa sasa wamefunguliwa mlango.

Bangwe, Mama wa Wawili: Mimi nina mabinti. Olimpiki siiwazi. Nawaza mtoto wa miaka kumi na sita anasafiri na nani, analala wapi, kocha ni mtu wa namna gani. Nour El Sherbini alikuwa bingwa wa dunia wa vijana 2009 akiwa na miaka 13. Umri huo anahitaji mtu mzima wa kwao pembeni. Mjomba, utaacha duka umfuate?

Mwanga Sokoni: Dada, nitamfuata.

Gungu Juu: Maneno hayo. Tangu lini mtu wa Mwanga akafunga duka?

Kibirizi Mwaloni: Gungu, ya duka yaache. Mama nimemsomea ulichoandika, yuko hapa na mimi. Tunasubiri uombe radhi.