Goya na wale askari wasio na sura: uovu uko upande mmoja tu?

MLETA MADA: Wakuu, mchoro wa Goya, mchoraji wa Hispania, wa "Tarehe 3 Mei 1808", aliouchora 1814 na ambao uko makumbusho ya Prado, Madrid, husifiwa kama picha ya wema ukipigwa risasi na uovu. Mimi nasema ni nusu ya habari. Askari wa Napoleon, Wafaransa walioivamia Hispania, wametupa mgongo, sura hazionekani, mitutu imenyooka. Mbele yao mtu wa shati jeupe kapiga magoti, mikono juu kama aliyesulubiwa, hata kiganja cha kulia kina kovu kama la msumari. Taa iko chini, na mwanga wote anapata yeye. Hapo umeshachaguliwa wa kumlilia. Lakini kuna mchoro pacha, wa tarehe 2 Mei: wakazi wa Madrid wanawavuta Wamamluki, wapanda farasi wa jeshi la Napoleon, kutoka juu ya farasi na kuwachoma visu. Huo mbona hatuubandiki ukutani?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, unafananisha visivyofanana. Aliyevamiwa kwao akachomoa kisu si sawa na jeshi linalowamaliza mateka usiku. Na zile sura zilizofichwa ndiyo akili yenyewe. Wachoraji wa zamani walimpa Shetani pembe na mkia. Goya kampa sare na amri.

MCHANGIAJI WA PILI: Mnamtukuza mno. Huyu Goya aliapa utii kwa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon aliyewekwa kuwa mfalme wa Hispania, na 1811 akavishwa nishani yake. Wafaransa walipotimuliwa ndipo akaiandikia serikali aruhusiwe kuchora ushujaa wa Wahispania. Alikuwa anajisafisha.

MLETA MADA: La sare na amri nalipokea, limenikaa. La kujisafisha linagonga mwamba kwenye chapa zake 82, yaani picha za kuchapwa, za "Maafa ya Vita". Themanini kati yake zilitolewa mara ya kwanza 1863, yeye alishafariki 1828. Alikuwa anamfurahisha nani? Chapa ya pili, askari wanawaelekezea raia bunduki. Ya tatu, raia kainua shoka juu ya askari aliyeanguka, na chini Goya kaandika maneno mawili tu, "Lo mismo", yaani yale yale. Sasa wewe mchangiaji wa kwanza, kama uovu ni sare na amri, huyu mwenye shoka alitumwa na nani?