Kaboi wa kweli alikuwa anafanya kazi gani hasa?

Mvuvi wa Malindi:
Asalaam aleikum wakuu. Mpwa wangu amepata kazi ya kuchunga kwenye ranchi moja huko bara, ng'ambo ya mto Sabaki, na tangu jana haongei lingine, ati yeye sasa ni kaboi, kofia kashanunua na hajawahi hata kushika mkia wa ng'ombe. Mimi kazi yangu samaki, ng'ombe namjua akiwa kwenye sufuria. Sasa wale makaboi wa Marekani tunaowaona wakipigana bastola mchana kutwa, ng'ombe walikuwa wanachungwa na nani? Na ile kazi inafanana na ya huku? Jumatatu anaondoka, nataka nimwambie kitu.

Langoni Amu:
Waaleikum salaam. Hiyo kofia kusi itaibeba siku ya kwanza 😂
Mambo yenyewe yalidumu kama miaka 20 tu, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuisha 1865. Texas ng'ombe walikuwa wamejaa mpaka mmoja anaenda dola 4, huyohuyo ukimfikisha kaskazini ni dola 40, na reli iko mbali, kwa hivyo wanaswagwa mpaka Abilene kule Kansas wapakiwe treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, miezi miwili mitatu njiani. Kundi moja ng'ombe 2,500 hadi 3,000, watu kumi au kumi na wawili, kila mtu na farasi kadhaa wa kubadilisha maana farasi anachoka kabla ya mtu. Kwa siku kilomita 16 mpaka 24 basi, wanakwenda huku wakila, ukiwakimbiza wanafika mifupa na mifupa nani atanunua. Wazoefu wanakaa mbele, mgeni anawekwa nyuma kabisa ale vumbi. Usiku zamu za masaa mawili mawili, mnazunguka kundi mkiimba polepole ng'ombe wasishtuke, maana radi moja tu wote wanatimka gizani na wewe uko mbele yao. Bastola ukiipiga hapo umejiletea balaa mwenyewe. Na mshahara dola 25 hadi 40 kwa mwezi, farasi wa tajiri, tandiko lako.

Kilichonipendeza mimi ni mpishi, inasemekana kabla ya kulala alikuwa anaelekeza mti wa gari lake la mapishi kwenye nyota ya kaskazini ili asubuhi wajue pa kuelekea. Si ndiyo Jaa hiyo hiyo ya manahodha wetu!

Mvuvi wa Malindi:
Maashallah. Na weusi walikuwemo?

Langoni Amu:
Tena wengi, wanakadiria mmoja kati ya kila wanne, wengine wametoka utumwani juzi tu. Na ufundi wenyewe, kamba ya kitanzi na kupiga chapa, waliukuta kwa wachungaji wa Mexico. Kilichowamaliza ni senyenge, Mmarekani mmoja, Glidden, alipata hataza yake 1874, watu wakazungushia mashamba, halafu baridi ya 1886 kuingia 1887 ikaua ng'ombe kwa malaki.

Fimbo na Kibuyu:
Mimi nimechunga miaka sita upande wa Galana, sasa niko na boda hapa mjini. Mwambie kijana farasi asahau, ni miguu yake. Alfajiri chai ya rangi, unafungua zizi la miba, unatoka na ng'ombe wako wa Boran mpaka jua lizame, kiangazi maji yako mbali kwa hivyo siku nzima ni kupanga utanyweshea wapi na utalishia wapi. Kuna josho la kupe, kuna ndorobo, na simba wa Tsavo Mashariki hawajui mpaka uko wapi. Lakini kazi yenyewe hasa ni HESABU. Jioni unahesabu mlangoni mwa zizi. Mimi siku moja ikakataa, kapungua mtamba mmoja mwekundu, tukarudi na tochi tukamkuta tayari ameliwa, nikakatwa mshahara miezi miwili na sikuwa na karatasi yoyote ya kubishana nayo. Aulize hilo kabla hajapanda gari, ng'ombe akipotea analipa nani, na iandikwe.

Punda Hana Breki:
Sisi wa Amu tunaoswaga punda wa mchanga hatuhesabiwi? Nyinyi mna nyika yote hiyo, mimi punda wanne wakitimka kwenye kichochoro na bibi anakuja na sinia la mahamri, pa kukimbilia hakuna 😭

Mvuvi wa Malindi:
😂😂 Nimemsomea zote. Kofia kaivua, ya mshahara ataulizia. Ila anauliza, @Fimbo, na nyinyi mlikuwa mnawaimbia?

Fimbo na Kibuyu:
Mluzi tu. Uwe mmoja huohuo kila siku, ukibadilisha wote wanainua vichwa.