Pawa mita au mkanda wa mapigo ya moyo? Hela ni ya kimoja

Kusi_Usoni:
Salaam wanajukwaa. Nina triatloni wiki kumi na moja zijazo. Kuogelea sina wasiwasi, nimekulia Shela hapahapa Malindi. Mbio pia najikokota vizuri. Baiskeli ndiyo inayoniangusha, watu wananipita kama nimesimama kununua madafu. Kuna jamaa ananiuzia pawa mita ya mtumba, kile kifaa cha kupima nguvu ya kukanyaga kwa wati, ile ya mkono wa pedali wa kushoto, elfu 35. Rafiki yangu asema niachane nayo, mkanda wa kifua wa elfu 7 watosha. Muuzaji ataka jibu kabla ya Ijumaa. Nichukue kipi?

Mzee_wa_Gia:
Umeuliza bei ya samaki bila kusema samaki gani. Baiskeli ni ya kilomita 20, 40 au 90? Wafanya mazoezi saa ngapi kwa wiki? Umri? Ekseli inayoshika mikono ya pedali zako ni ya mraba au ya bomba? Mikono ya aina hizo mbili haiingiliani, na urefu wa mkono wa kushoto pia sharti ulingane na wa kulia.

Sabaki_Pacha:
Chukua pawa mita, usizungushwe. Wewe mwenyewe umejiita Kusi_Usoni, kwa hiyo wajua. Toka mjini kuelekea Gede mwezi wa saba: kusi yakupiga kifuani, watambaa kilomita 23 kwa saa na roho yatoka. Geuza baiskeli, wapaa 38 huku wapiga mluzi. Siku ipi umefanya kazi? Spidi haikwambii. Moyo nao huja umechelewa. Ukikanyaga kwa nguvu dakika mbili, mapigo yafika juu kabisa wakati ushaacha kukanyaga. Wati huonekana papo hapo. 200 ni 200, upepo uwepo usiwepo.

Bi_Mkunguni:
Wati 200 za saa kumi na mbili asubuhi si za saa tano, Sabaki. Mimi kwa nguvu ileile nimeona moyo ukipanda kutoka 142 hadi 156 kwa sababu ya jua na jasho tu. Mashine yako itasema uko sawa mpaka uanguke. Mwili ndio unaolipa, sio skrini.

Sabaki_Pacha:
Na ukinywa kahawa tungu mbili, mwili wako wasema nini? Ukilala vibaya? Ukiwa na homa ya jana?

Bi_Mkunguni:
Wasema nimelala vibaya. Hiyo nayo ni habari!

Mama_Spoki:
Nisikilizeni mimi niliyeungua. Nilinunua ya kushoto kama hiyo, mtumba, ikaletwa kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya soksi. Ilifanya kazi vizuri, sina la kumlaumu muuzaji kwa hilo. Mazoezi yangu yote nilikuwa nayafanya jimu, kwenye baiskeli inayopima miguu yote miwili. Nikafanya ule mtihani wa kukanyaga kwa nguvu zote dakika 20, nikapata wastani wa wati 221. Ukizidisha kwa 0.95 wapata 210, ndiyo nguvu ninayoweza kuishikilia kama saa nzima. Nikasema siku ya mashindano, kilomita 40, naenda na 190. Hesabu safi.

Nilichosahau ni kwamba mguu wangu wa kushoto ulivunjwa na bodaboda, na haujawahi kurudi kama zamani. Mita ya upande mmoja hupima kushoto, kisha huzidisha mara mbili. Mguu wangu mbovu ulikuwa unaidanganya. Kila nilipoona 190, kwa kweli nilikuwa nakanyaga zaidi ya 210. Kilomita kumi za kwanza nikajihisi malkia. Kufika ya 25 mapaja yamekuwa ugali. Na mkanda wa kifua nilikuwa nimeuvaa! Ulikuwa wasoma 176, nami najua kizingiti changu, yaani mapigo ambayo nikiyapita sidumu muda mrefu, ni 168. Nikajiambia "huo ni msisimko tu", nikaamini wati. Kwenye mbio nilitembea kilomita sita kati ya kumi. Kuna mtoto wa miaka kama minane alitembea kando yangu akiniuliza kama nimepotea.

Sabaki_Pacha:
Pole dada, lakini kosa si la mita. Ungefanya mtihani kwa mita ileile ya barabarani, ingekudanganya kwa kiasi kilekile pande zote na usingeumia.

Mama_Spoki:
Nusu ya kosa ni langu, nimekubali. Nusu nyingine ni ya watu kama wewe mlioniambia "wati hazidanganyi".

Mzee_wa_Gia:
Mnagombana bure. Adui wa baiskeli ni hewa. Ukitoka 30 kwenda 33 kwa saa, nguvu ya kuipasua hewa peke yake yapanda karibu theluthi. Kijana anunue mkanda, zinazobaki anunue vishikio vya kulalia na tairi nzuri. Akilala chini na kukunja viwiko, spidi itakuja bila wati mpya hata moja.

Fumbwe:
Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, ameshinda Tour de France mara nne akiikodolea macho pawa mita.

Mzee_wa_Gia:
Na Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour hiyohiyo mwaka 2024. Waulize kama wana mita ya mtumba ya elfu 35.

Fumbwe:
Kwani Girmay hatumii pawa mita? Wote wanazo, mzee.

Kusi_Usoni:
Samahanini, nilikuwa kazini. Ni kilomita 40. Umri 44. Saa tano au sita kwa wiki. Baiskeli ni ya mbio, mtumba kutoka Mombasa, ekseli sijaiangalia. Halafu natumia dawa ya presha, sijui kama inahusu.

Bi_Mkunguni:
Kaka, hilo lilifaa liwe mstari wa kwanza! Dawa gani? Kama ni za jamii ya beta-bloka, mfano atenolol, hushikilia mapigo yasipande. Utakuwa unakufa na saa yasoma 128. Ile hesabu ya kukisia mapigo ya juu kabisa, 220 kutoa umri, hata kwa mzima ni ya kubahatisha, kwako ni takataka. Muulize daktari wako kabla ya mkanda, mita na mashindano yenyewe.

Sabaki_Pacha:
Si nilisema pawa mita?

Bi_Mkunguni:
Ulisema, lakini si kwa sababu hiyo.

Mama_Spoki:
Kama si beta-bloka, mkanda waweza kufaa. Panda peke yako dakika 30 kwa nguvu zako zote, chukua wastani wa zile 20 za mwisho, hicho ndicho kizingiti. Usifanyie barabara ya Gongoni, malori ya chumvi yatakupandisha mapigo kwa woga.

Fumbwe:
Juzi moja lilinipita Mambrui, nikalamba chumvi mpaka nyumbani.

Kusi_Usoni:
Asanteni. Kopo la dawa liko nyumbani, nitasoma jina. Jamaa amepiga simu tena, sasa asema elfu 32. Naenda kwa fundi kuiangalia ekseli.

Sabaki_Pacha:
Ukifika kwa fundi niulizie tyubu za tairi za milimita 25. Miiba ya migunga imenitoboa mara mbili wiki hii na pampu yangu imekufa.