Siku mbili Chiang Mai: mahekalu, mafundi na tembo. Naomba mwongozo

Mchuuzi_Kkoo

Wakuu habari zenu. Desemba naenda Bangkok kufuata mzigo wa nguo, safari hii niko na mama. Nikimaliza ya mzigo tunabaki na siku mbili kamili, tunataka kuzitumia Chiang Mai, mji wa kaskazini ya Thailand: mahekalu ya Kibudha, mafundi wa miavuli ya karatasi, na tembo kama inawezekana. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, anavaa buibui na hakosi swala. Maswali: siku mbili zinatosha? Mahekaluni ataingia na hijabu yake? Mafundi wapi wanafanya kazi kweli, maana maduka ya watalii sitaki? Na hao tembo, kambi ipi haiwatesi? Natanguliza shukrani.

---

Pwani_Mashariki

Mkuu, zinatosha ukizipanga ziangukie Jumamosi na Jumapili. Nitasema sababu, ila kwanza makaratasi, maana hapo ndipo watu wanakwama.

Kadi ya njano. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetokea Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Mkitua uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, msikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuteni kwanza dawati la afya, mkaguliwe kadi hapo. Asiyepita hapo hufika mbele ya ofisa baada ya foleni ndefu, akarudishwa nyuma kuanza upya, na kwa mama mwenye magoti hiyo ni adhabu. Viza ombeni mtandaoni mapema. Kuna pia fomu ya kidijitali ya kuwasili, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025: inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, kila mtu yake, na ni bure. Tovuti inayokudai hela kwa fomu hiyo ni ya matapeli.

Kutoka Bangkok, ndege ni saa moja na robo hivi. Angalia tiketi inasema uwanja gani, kwa sababu Bangkok ina viwili, na ndege nyingi za bei nafuu zinaruka Don Mueang wakati ninyi mtatua Suvarnabhumi. Treni ya usiku ni kama kilomita 750, inaondoka jioni na kufika asubuhi. Siku hizi inaanzia stesheni ya Krung Thep Aphiwat, ile ya zamani ya Hua Lamphong muisahau. Mama mkatie kitanda cha chini: ni kipana zaidi na hakina ngazi ya kupanda. Desemba tarehe 5 na 10 ni sikukuu kule, vitanda vinaisha mapema sana.

Mjini mtapanda songthaew nyekundu. Ukiikumbuka chai maharage ya Dar enzi zile umeshaielewa: pikapu, mabenchi mawili yanatazamana, unamwambia dereva unakokwenda, akikubali unapanda. Ndani ya mji ni baht (hela yao) 30 hadi 40 kwa kichwa. Bolt nayo ipo. Mashine za benki zinakata baht 220 au zaidi kila ukitoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha kutosha.

Sasa ratiba. Jumamosi asubuhi Bo Sang kwa mafundi, mchana mahekalu ya mji mkongwe, jioni mtaa wa Wualai, ambao hufungwa magari kila Jumamosi ukawa soko. Jumapili alfajiri Doi Suthep, hekalu la mlimani, mchana tembo au pumziko, jioni soko la Ratchadamnoen, ambalo ni la Jumapili tu. Bo Sang iko mashariki na Doi Suthep iko magharibi. Ukiziweka siku moja utaimaliza siku barabarani.

---

Bi_Zuhra

Mwanangu, hijabu haina shida. Sheria yao ni mabega na magoti yafunikwe, na buibui limeshamaliza hilo. Viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo mvalishe mama vya kutumbukiza mguu tu, asihangaike kuinama kila hekalu. Msikanyage kizingiti, vukeni juu yake. Mkikaa chini, nyayo zisielekee sanamu ya Buddha. Mama asimguse mtawa wala asimpe kitu mkononi, akiweke juu ya meza au kitambaa. Ni mwiko wao kwa wanawake wote, asione anabaguliwa.

Na kuna sehemu mwanamke haingii kabisa. Wat (yaani hekalu) Chedi Luang kuna kijumba cha nguzo ya mji, na Wat Sri Suphan, lile hekalu la fedha kule Wualai, jengo kuu ni la wanaume peke yao. Mama ataliona kwa nje, na uzuri wote uko nje: kuta zimefunikwa mabati ya fedha na alumini yaliyochorwa kwa nyundo.

Mji mkongwe ni mraba uliozungukwa na handaki la maji, uliojengwa na mfalme Mengrai mwaka 1296. Mahekalu yamo kwa makumi, nanyi yatoshe mawili: Wat Phra Singh la mwaka 1345 na hilo Wat Chedi Luang. Chedi yake, yaani mnara wa matofali, imekatika juu tangu tetemeko la mwaka 1545. Ile sanamu ya Buddha wa zumaridi ambayo watu wanaipangia foleni Bangkok iliwahi kukaa hapo. Nendeni saa kumi jioni, jua likilalia matofali na sanamu za tembo za ubavuni.

Doi Suthep ina ngazi zaidi ya 300 zenye sanamu za majoka pembeni. Mama asizipande, kuna lifti ya reli inayopanda mteremko, ulizia chini kwenye tiketi. Desemba alfajiri kule juu ni baridi, mita elfu moja na kidogo, chukua sweta. Barabara yenyewe ilichongwa mlimani na watu wa kujitolea wakiongozwa na mtawa Khruba Siwichai, ikaisha mwaka 1935, na ina kona nyingi. Anayetapika garini akae mbele kwa dereva.

Chakula na swala: msikiti wa Ban Haw, karibu na soko la usiku. Ni wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na mtaa wote pembeni ni halali. Agizeni khao soi, tambi za mchuzi wa nazi na viungo, juu yake tambi za kukaanga. Mtu wa pwani haitamshinda.

---

Fundi_Mbao

Nijibu la mafundi, maana watu huenda Bo Sang wakarudi na picha tu.

Ni kama kilomita 9 mashariki ya mji, barabara ya kwenda San Kamphaeng. Fikeni asubuhi kwa sababu miavuli inaanikwa juani, na kazi yote inafuata jua. Anzieni kwenye karatasi. Gome la mti wa sa, ndugu wa mforosadi, linaloweshwa siku nzima, linachemshwa na majivu au magadi mpaka nyuzi ziachane, linaoshwa, linapondwa. Rojo linamwagwa kwenye tangi la maji. Fundi anazamisha fremu ya wavu, anaitikisa mara mbili tatu ili nyuzi zijipange, anainyanyua ikiwa bapa bila kuiinamisha na kuianika hivyo hivyo. Akiinyanyua kwa pupa, karatasi inatoka nene upande mmoja, na hiyo ndiyo itakayokunjamana kwenye mwavuli.

Mwavuli una vitovu viwili vya mbao: cha juu kimekaa palepale, cha chini kinapanda na kushuka mpinini. Vyote vimekatwa meno, na kila jino linashika ubavu wa mwanzi uliotobolewa na kufungwa kwa uzi. Karatasi inabandikwa juu ya mbavu kwa gundi ya utomvu, inakauka, inapakwa mafuta ili isipitishe maji, ndipo mchoraji anaweka maua.

Kununua: fungua na kufunga mara tano. Ukisikia mkwaruzo, meno ya kitovu hayakusafishwa na uzi utakatika. Inua kwenye mwanga utafute nyuzi ndefu zilizopishana. Usipoziona, hiyo ni karatasi ya kiwandani. Uliza kama umepakwa mafuta, maana mingi ni ya mapambo na mvua ya Masika itaumaliza dakika kumi. Hata uliopakwa, ukilowa uache wazi ukauke. Ukiufunga na unyevu, kwa joto la Dar karatasi inagandana na kuota ukungu, na siku ya kuufungua unachanika kwenye mikunjo.

Wualai ni masonara. Bamba la fedha linalazwa juu ya lami iliyopashwa moto ikalainika, halafu linagongwa kwa patasi butu. Lami inashika bamba lisiteleze, na inabonyea taratibu kufuata nyundo, ndiyo maana bamba halitoboki. Angalia muhuri wa 925, na sumaku isinase, ingawa kutonasa peke yake hakuthibitishi fedha, shaba nayo hainasi.

Bajaji anayekwambia atawazungusha mji mzima kwa baht 20 atawapeleka kwenye maduka ya vito na hariri anakolipwa kamisheni. Na jamani, Mtanzania asinunue tanzanite Thailand.

---

Mikumi_Kusini

Kwenye tembo niwe mkweli: aliyeshapita barabara ya Mikumi ameona tembo bora kuliko hao. Cha kuangalia kule ni uhusiano wa mtu na mnyama. Thailand ilipiga marufuku ukataji magogo wa kibiashara mwaka 1989, na tembo waliokuwa wakivuta magogo wakakosa kazi, pamoja na wachungaji wao. Wakaingia utalii. Leo waliofugwa ni zaidi ya 3,000, hawawezi kuachiwa msituni tu, na mmoja anakula kilo 150 na zaidi kwa siku. Kwa hiyo lazima mtu alipie, na suala linabaki unalipia nini.

Jina la «hifadhi» kwenye bango lisikutie moyo, kila kambi inajiita hivyo. Kabla ya kulipa uliza kama wanapandwa, kama wanacheza maonyesho, kama wageni wanawaogesha. Jibu la ndiyo kwa moja tu, tafuta kwingine. Kuogesha kunaonekana upole, lakini tembo analazimishwa kuingia majini mara kadhaa kwa siku kufuata ratiba ya mabasi, na ni hatari: Januari 2025 mtalii wa Kihispania aliuawa na tembo akimwogesha kusini ya nchi. Ukifika, tazama paji la uso na nyuma ya masikio kama kuna makovu ya ndoana. Anayetikisa kichwa kushoto kulia bila kukoma watu husema anacheza muziki. Huo ni ugonjwa wa kufungwa.

Chui milia wa kupiga nao picha, msiende kabisa. Kanchanaburi lilikuwepo hekalu la Kibudha lililofuga chui hao kwa ajili ya wageni. Mwaka 2016 serikali iliondoa 137 walio hai, na ndani ya friza wakakutwa watoto 40 waliokufa.

---

Mchuuzi_Kkoo

Shukrani wakuu, Bi Zuhra shikamoo. Chui nimefuta. Tembo bado mama anawataka. Ziara ya nusu siku kambini anaiweza?

---

Bi_Zuhra

Marahaba. Anaiweza kama ni ya kutazama kutoka jukwaani. Nyingi ziko Mae Taeng au Mae Wang, saa moja na zaidi kwa gari, na mwisho ni njia ya udongo yenye mashimo. Waulize kwa simu: kutoka garini hadi kwenye kivuli ni hatua ngapi, na choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?

---

Pwani_Mashariki

Na gari la kuwachukua likisema «saa mbili usiku», usishtuke. Kwa Kithai saa mbili usiku wanaita song thum, yaani mbili, kama sisi. Ni asubuhi na mchana ndipo mahesabu yanapotofautiana, hapo waandikie namba: 08:00.