Kwa nini "the Serengeti" lakini siyo "the Kilimanjaro"?

Mgumu wa Marangu
Habari za leo wakubwa. Mimi ni mpagazi, nabeba mizigo njia ya Marangu, na sasa najiandaa na usaili wa mwongoza watalii msaidizi. Maelezo ya mlima ninayo: vilele vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira, mita 5,895, Hans Meyer kufika juu mwaka 1889. Kinachonikwamisha ni "the" ya Kiingereza. Wageni wanasema "the Serengeti", halafu "Kilimanjaro" tupu. "The Pangani River", lakini "Lake Manyara". Tukifika kambi ya Horombo, mara "a hut", mara "the hut". Kiswahili hakina kitu hicho, sijui hata nianzie wapi. Naomba kanuni, msiniambie nitazoea tu.

Mwalimu wa Majengo, Moshi
Mwanangu, anza na majina ya mahali, ndiyo utakayoyataja kila siku. Mlima mmoja haupewi "the": Kilimanjaro, Mount Meru. Ziwa moja vivyo hivyo: Lake Natron, Lake Eyasi. Safu ya milima inapewa: the Usambara Mountains, the Pare Mountains. Mito na bahari pia: the Indian Ocean. "The Serengeti" ni pale wanapoitaja kama eneo, mbuga yote kwa upana wake. Wakitaja hifadhi kwa jina kamili, "the" inaondoka: Serengeti National Park. Kileleni kuwa makini. "Uhuru Peak" ni jina, haitaki. "The summit" siyo jina, inataka.

Sasa "a hut" na "the hut". Hapa sikubaliani nawe kwamba Kiswahili hakina kitu hicho. Mpishi akikuuliza, "Umeleta hema?", anataka kujua kama umekuja na hema, lolote lile. Akiuliza, "Umelileta hema?", kuna hema mnalolijua wote wawili, pengine lile lililochanika zipu jana. Hiyo "li" inafanya kazi iliyo karibu sana na ya "the", na umekuwa ukiitumia tangu utotoni bila mtu kukufundisha! Kwa hiyo kabla hujasema, jiulize: mgeni anajua ni kipi ninachokizungumzia? Kama hajui, "a". Kama anajua, "the". Asubuhi unamwambia "We will see a waterfall". Mkishakaa pale mkapiga picha, jioni ukiyataja maporomoko hayohayo ni "the waterfall".

Dereva wa Njiro
Mwalimu kaeleza vizuri. Naongeza moja ninalolisikia sana kwa vijana wetu hapa Arusha: "You will enjoy the nature." Ni "nature" peke yake. Na ukisema habari za wanyama kwa ujumla, achana na "the": "Elephants need a lot of water." Ukisema "the elephants", mgeni atageuza shingo awatafute, maana atadhani kuna tembo fulani unaowaonyesha.

Mgumu wa Marangu
Shikamoo mwalimu. Kaka wa Njiro, asante sana. Hiyo "li" imenifungua kichwa. Sasa nikisema "Kilimanjaro is highest mountain in Africa" nipo sawa, si ni mlima mmoja?

Mwalimu wa Majengo, Moshi
Marahaba mwanangu. Hapo weka: "the highest mountain in Africa". Mrefu kuliko yote barani ni mmoja tu, kwa hiyo msikilizaji anajua papo hapo ni upi. Ukitanguliza bara, "Africa's highest mountain", "the" haina tena nafasi.

Halafu kuna za wakati: "in the morning", lakini "at night", "at midnight". Hizi zikariri zilivyo, usizitafutie sababu. Usiku wa kuondoka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, utazihitaji zote unapowapa wageni ratiba. Usaili wenyewe ni lini? Andika hapa maelezo yako ya mlima kwa Kiingereza, yote, nikupitie sentensi kwa sentensi.