Je, serikali ilifuja pesa za umma kati ya 2013 na 2022? Tunapimaje?

Uraia_Kwanza aliuliza:

Wandugu, ugomvi huu hauishi Kenya. Upande mmoja unasema serikali ya Jubilee, ya Rais Uhuru Kenyatta, ilikopa na kutumia bila breki: deni lilikuwa takriban shilingi trilioni 1.9 Juni 2013, likafika karibu trilioni 8.6 Juni 2022. Upande wa pili unaonyesha reli, barabara na nyaya za umeme na kuuliza, "Sasa hizi zilijengwa na nini?" Nataka kujua mambo matatu. Takwimu gani hasa inaonyesha ufujaji? Pesa za Yurobondi ya 2014, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, zinaweza kufuatiliwa hadi mradi fulani? Na mwananchi asome karatasi zipi badala ya kusikiliza wanasiasa?

Hesabu_Kavu alijibu:

Weka kando hizo trilioni kwanza. Jumla ya deni haikuambii kama mkopaji alikuwa mzembe, kwa sababu katika miaka hiyo uchumi nao ulikua, bei zilipanda na shilingi ikashuka. Hata ukilinganisha deni na pato la taifa, ambapo lilitoka kama asilimia 40 hivi hadi zaidi ya 65, umepata nusu tu ya jibu. Uzembe huonekana kwenye aina ya mkopo: unadumu miaka mingapi, riba yake inapandaje, unalipwa kwa sarafu gani, na kitu kilichonunuliwa kinaingiza sarafu hiyo au la.

Chukua hatifungani (hati ya mkopo) ya miaka 10 katika hiyo Yurobondi ya 2014. Ilianza na dola bilioni 1.5 mwezi Juni, Desemba ikaongezwa ikafika bilioni 2, kwa riba ya asilimia 6.875. Hiyo ni dola milioni 137.5 kila mwaka, zikilipwa kwa awamu mbili za milioni 68.75, Juni na Desemba. Na katika miaka yote 10 hupunguzi hata senti ya deni lenyewe. Lote linaiva siku moja. Dola bilioni 2 kwa kiwango cha shilingi 88 ni bilioni 176. Kwa shilingi 160, kiwango kilichofikiwa Januari 2024, ni bilioni 320. Barabara ya kijijini inaweza kuwa nzuri sana, lakini haiingizi dola.

Februari 2024 serikali mpya ilinunua tena dola bilioni 1.44 za deni hilo kwa kutoa hatifungani nyingine ya bilioni 1.5 yenye riba ya asilimia 9.75. Piga hesabu: bilioni 1.44 kwa 6.875 zilikuwa zinakula milioni 99 kwa mwaka. Mpya inakula milioni 146.25. Shilingi ilitulia, ni kweli, na hiyo mpya angalau inalipwa kwa mafungu matatu, 2029 hadi 2031. Ila bei ya kulipa deni kwa deni ndiyo hiyo. Kosa ninaloliona mimi lilikuwa kukopa miaka 10 bila kutenga chochote kila mwaka kwa ajili ya siku ya kulipa.

Kapu_Moja alijibu:

Kuhusu Yurobondi, watu wanauliza swali lisilojibika. Sehemu ya pesa za Juni 2014 ililipa mkopo wa mabenki wa dola milioni 600, na nyingine iliingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Ikishaingia humo imechanganyika na kodi na mikopo mingine, kama sukari kwenye chai. Huwezi kusema shilingi hii ya Yurobondi ilijenga daraja lile. Waliosema imeibwa yote walikosa ushahidi, na waliosema "hii hapa orodha ya miradi yake" nao walikuwa wanapaka rangi tu.

Swali linalojibika ni hili: mwaka huo matumizi ya maendeleo yaliongezeka kwa kiasi kinacholingana na mkopo? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 15, inataka mikopo ya serikali kuu, katika kipindi cha kati, yaani cha miaka kadhaa, itumike kwa maendeleo pekee. Kwa hiyo chukua mkopo halisi wa miaka mitatu, jumlisha, kisha linganisha na matumizi halisi ya maendeleo ya miaka hiyohiyo. Mkopo ukizidi, ziada imekwenda kwenye mishahara, safari na riba. Hapo hapahitaji mpelelezi.

Nguzo_na_Nyaya alijibu:

Mnaonea kidogo. Wateja wa umeme walikuwa takriban milioni 2.3 mwaka 2013. Kufikia 2021 wamepita milioni 8. Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, iliongeza megawati 280 karibu wakati mmoja, na sehemu kubwa ya mikopo ya mvuke ilikuwa ya masharti nafuu. Huo si ufujaji. Tena kumbukeni Aprili 2020: VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya juu ya mshahara kutoka 30 hadi 25, na biashara zimefungwa kwa korona. Serikali yoyote ingekuwa na nakisi kubwa, yaani matumizi kuzidi mapato, mwaka ule.

Hesabu_Kavu:

Ndugu, la korona nakubaliana nawe kabisa. Lakini kwenye umeme huohuo, angalia mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310. Ilikuwa tayari 2017, ila laini ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, ikakamilika Septemba 2018 baada ya mkandarasi wa Uhispania kufilisika. Mkataba ulisema umeme ukiwa tayari unalipiwa, hata kama hauna njia ya kusafiri. Mitambo haikuwa na kasoro. Serikali ilibeba hatari ya kuchelewa bila kuwa na uwezo wa kuizuia, na mlipaji bili akabeba mwisho wake.

Mizani_ya_Bandari alijibu:

SGR, ile reli mpya ya kisasa, ndiyo mfano kamili. Mkopo wa Mombasa–Nairobi ulikuwa takriban dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China, karibu nusu kwa nusu. Nusu moja riba ya asilimia 2, haibadiliki. Nusu nyingine miaka 15, mitano ya kwanza bila kulipa deni lenyewe, na riba ya LIBOR ya miezi 6 (kiwango cha riba cha mabenki ya London, kinachopanda na kushuka) pamoja na asilimia 3.6. Mwaka 2014 LIBOR hiyo ilikuwa chini ya asilimia 0.4, kwa hiyo jumla haikufika 4. Katikati ya 2023 ilikuwa imepita 5, jumla zaidi ya 8, na wakati huo shilingi nayo inaporomoka.

Reli imeishia Naivasha, haikufika Malaba mpakani na Uganda. Kontena la Kampala lazima lihamishiwe kwenye lori au reli ya zamani, na kila kuhamisha ni gharama na saa. Ndiyo maana 2019 mizigo ililazimishwa kupanda reli, amri iliyoondolewa 2022. Mradi unaohitaji amri ili upate mzigo ulipigiwa hesabu ya mzigo vibaya tangu mwanzo.

Sasa karatasi. Anza na makadirio ya bajeti ya Juni, kabla mwaka haujaanza tarehe 1 Julai. Weka pembeni yake bajeti za nyongeza, kisha ripoti za Msimamizi wa Bajeti za robo mwaka, na mwisho ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Gazeti Rasmi la Serikali nalo huchapisha kila mwezi mapato halisi na pesa zilizotoka Hazina. Andika safu nne kwa wizara moja tu: iliyopangwa, iliyorekebishwa, iliyotolewa, iliyotumika. Safu ya kwanza na ya nne zikiachana sana kila mwaka, tatizo liko kwenye makadirio ya kodi. Yanawekwa juu mno ili nakisi ionekane ndogo, kodi haifiki, na kinachokatwa ni maendeleo kwa sababu mishahara na deni havisubiri. Mkandarasi ameshamwaga kokoto, halipwi, na bili yake inahamia mwaka ujao.

Tazama pia matumizi ya kifungu cha 223 cha Katiba. Hazina inaruhusiwa kutumia kabla ya Bunge kuidhinisha, mradi isizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka huo na iombe idhini ndani ya miezi miwili tangu pesa ya kwanza itoke. Ni mlango wa dharura. Ukiona jambo lililojulikana tangu Juni linapitia humo, weka alama nyekundu.

Uraia_Kwanza:

Asanteni sana. Moja tu: sheria si inasema pia angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo? Mbona kila mwaka Hazina inasema imetimiza?

Kapu_Moja:

Soma neno lenyewe dada: *itengewe*. Kutenga kunatimizwa Juni kwenye makadirio. Hakuna neno "itumike" pale, ndiyo maana nikakwambia utumie safu ya nne ya ndugu Mizani, si ya kwanza.