Mrejesho: Utando wa madini kwenye mtutu wa bastola ya kaka

Wadau, hamjambo. Niliuliza kwa niaba ya kaka yangu aliye Texas: mbona bastola yake ya .38 Special (aina ya risasi inayotumia) inaganda madini ya risasi (lead) mtutuni kila akipiga vichwa vya risasi anavyomimina mwenyewe kwa madini hayo, na anavipaka mafuta vizuri? Mimi niko zangu Buruburu, Nairobi, silaha sina. Huku bila leseni ni kujitafutia kesi. Kazi yangu ni kupeleka ujumbe WhatsApp.

Waliosema apime mtutu na vichwa kabla ya kulaumu mafuta walilenga penyewe. Alisukuma kipande cha madini laini kupitia mtutu, akakipima kwa mikrometa: inchi 0.357. Vichwa vyake? 0.356. Pengo hilo, jembamba kuliko unywele, linatosha gesi ya moto kupenya ubavuni, kuyeyusha madini na kuyabandika mtutuni. Sasa anavitoa kwa 0.358, baada ya kuhakikisha matundu ya silinda (gurudumu linaloshika risasi) nayo hayavibani. Mafuta ni yaleyale, nta ya nyuki na Alox, grisi ya kiwandani.

Aliyeshauri aloi (mchanganyiko wa metali) ngumu zaidi, pole ndugu. Kwa baruti kidogo, kichwa kigumu mno hakitanuki kuziba mtutu.

Utando wa zamani aliukwangua kwa nyuzi za shaba tupu alizozungushia brashi, vikatoka vipande vinavyong'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Siku hizi kitambaa kinatoka na masizi tu. Mama naye, kwa kuogopa sumu ya madini hayo, ana swali moja kila akimpigia kaka simu: unamiminia nje, na mikono umenawa kabla ya kula?